Jibu la Bondeni

Nilivyofika Majibuni si habari ya kumchosha mtu. Nilifika, basi. Wapo wasafiri wanaomaliza nusu ya simulizi kwa kueleza vumbi la njiani na kiatu kilivyowabana. Mimi nimekuwa bwana afya maisha yangu yote ya kazi, nimekagua vyoo vya masoko na machinjio mpaka nikastaafu, na vumbi kwangu si habari. Habari ni watu. Na watu wa Majibuni, Mungu anisamehe, walinipandisha hasira ambayo mpaka leo haijashuka.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa askari wa mpakani, kavaa tai. Nikamwamkia, "Habari za asubuhi?" Kwetu mtu hujibu "nzuri" na maisha yanaendelea. Yule askari akanyoosha mgongo, akakutanisha viganja mbele ya tumbo, akasema, "Asante kwa swali zuri. Asubuhi ilinikuta katika mazingira yenye changamoto, kwani mvua ilikuwa inanyesha. Nilichukua hatua ya kutafuta mwavuli kwa kushirikiana na wenzangu. Matokeo yake, nimefika kazini nikiwa mkavu." Kisha akanitazama usoni, anangoja alama. Nikamwambia hongera. Alifurahi mpaka akasahau kukagua mzigo wangu.

Nikadhani ni yeye tu. Kumbe nchi nzima! Majibuni mtu hapati kazi, mchumba wala kiwanja mpaka aketi mbele ya jopo na kusailiwa. Mitaani kuna maduka ya kukodisha makoti meusi ya usaili, na kila baada ya nyumba mbili kuna twisheni: hapa wanafundisha kuingia mlangoni, pale wanafundisha kuketi bila kuegemea, kule yupo mwalimu mwenye heshima kubwa ambaye hafundishi kitu kingine ila namna ya kusema "naomba urudie swali" bila kuonekana hukusikia. Nilimwona mama mmoja akimbembeleza mwanawe mgongoni, anamuuliza, "Udhaifu wako mkubwa ni upi, mwanangu?" Kitoto ambacho hata meno hayajatimia kikajibu, "Napenda kazi kupita kiasi." Mama akakibusu.

Nilipanga chumba kwa Bi Mwamtoro, mama mjane aliyekuwa akiuza uji na maandazi kitongoji cha Bondeni, hatua chache kutoka kwenye chemchemi ambayo kitongoji kizima kinachota maji. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mdomo. Katika watu wote niliowakuta nchi ile, yeye peke yake alijibu "nzuri" nilipomwuliza habari, na hapo hapo nikampenda.

"Sisi wa huku Bondeni tumeshindwa usaili zamani," aliniambia akinikorogea uji. "Ndiyo maana tunazungumza kama watu."

Kazi inayotamaniwa kuliko zote Majibuni, akanieleza, ni ya afya ya jamii. Wizara yenyewe ipo juu ya kilima, ukiwa Bondeni unaiona, jengo jeupe lenye madirisha mengi. Kila mwaka maelfu ya vijana hupanda kule kusailiwa, wakapiga foleni kuanzia mlangoni mpaka chini ya kilima.

"Wakishaipata hiyo kazi wanafanya nini?" nikauliza. Bwana afya hastaafu moyoni.

"Wanasaili."

"Wanasaili nini?"

"Wanaotaka kazi ya afya ya jamii. Si ndio waliojibu vizuri kuliko wote? Sasa nani atajua jibu zuri kama si wao?"

"Na anayekwenda kupima maji, kukagua vyoo, kutazama wagonjwa?"

Bi Mwamtoro akacheka, lakini cheko lenyewe halikuwa na raha. "Hao ni wanaojitolea, kaka yangu. Wanatafuta uzoefu. Huyo hapo mmoja wao, muulize mwenyewe."

Ndipo nikajulishwa kwa Siwema, binti yake wa pekee. Mwembamba, mrefu, ana shahada ya afya ya jamii aliyoisomea kwa maandazi ya mama yake. Tangu amalize chuo alikuwa akijitolea pale pale Bondeni: anazunguka nyumba kwa nyumba, anafundisha watu kunawa, anatazama watoto wanaoharisha. Kila mwaka alipanda kilimani kusailiwa, na kila mwaka walimkataa kwa kukosa uzoefu. Uzoefu, walimwambia, lazima uthibitishwe na ofisa aliyewahi kufanya kazi ile. Na ofisa aliyewahi kufanya kazi ile hakuwahi kuzaliwa.

"Si uache?" nikamwambia. "Unatwanga maji kwenye kinu."

"Siwezi kuacha, mzee. Nikiona kisima kibovu siwezi kukifunga. Nikiona choo kibovu siwezi kuamuru kizibuliwe. Mwenye uwezo huo ni ofisa mwenye mhuri, na mhuri upo kule juu."

Alikuwa ananinong'oneza, na mimi sikujua kwa nini, mpaka aliponieleza sheria yao ya kuvujisha. Sheria hii niliomba nirudiwe mara kadhaa, nikidhani masikio yangu yamezeeka. Kila mwaka wakubwa wa Wizara huchagua ugonjwa mmoja uwe Swali Kuu la usaili. Ugonjwa huo ni siri. Mtu yeyote atakayeutaja hadharani kabla usaili haujaisha, isipokuwa anapolijibu jopo, amevujisha mtihani, naye hufungiwa asisailiwe tena maisha yake yote. Kwa kuwa ni siri, hakuna ajuaye ni upi. Kwa hiyo, ili kuwa salama, watu hawataji ugonjwa wowote. Majibuni hakuna homa wala surua. Kuna "hali." Mtoto ana hali. Jirani amekufa kwa hali. Kwetu tunasema mficha maradhi kilio humuumbua. Wale wametunga sheria ya kuyaficha, wakaipigia na makofi.

Na wakati huo Bondeni kulikuwa na hali. Niliisikia kabla sijaiona: mbio za watu kwenda uani, watoto wanaolia kwa sauti kavu isiyo na machozi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walikuwa wamezika. Nilikwishaiona hali hiyo kwetu, zamani, na nilijua jina lake. Siwema naye alilijua. Tulitazamana, hakuna aliyelitamka.

"Njoo nikuonyeshe, mzee," akasema.

Tukapanda kilima kwa njia ya nyuma. Huko, chini kidogo ya jengo la Wizara, kulikuwa na choo kikubwa, kimepakwa rangi, kimewekewa jiwe la ufunguzi. Kilijengwa kwa ajili ya wasailiwa, maana foleni ya maelfu haiwezi kukaa bila choo. Kilikuwa choo kizuri kuliko nyumba ya Bi Mwamtoro. Lakini shimo lilikuwa limejaa, limefurika, na uchafu ulikuwa unateremka taratibu kwenye mfereji mwembamba uliojichimbia wenyewe katikati ya majani. Sikuhitaji kuufuata. Nilinyoosha macho tu, na kule ulikoelekea niliona wanawake wa Bondeni wameinama, wanachota.

"Lo!" nikasema. "Lo, lo, lo! Watu wanaotafuta kazi ya afya ndio wanaotuharisha?"

"Kila mwaka foleni ya usaili ikianza, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, hali inakuja," akasema Siwema. "Usaili ukiisha, inapungua. Nimeiona miaka yote niliyojitolea."

"Na hakuna anayelizibua hilo shimo?"

"Halimo kwenye mwongozo wa alama."

Nilikasirika mpaka nikaketi chini. Yule binti akaniinua, akaniambia yeye mwenyewe amekwisha kuwanong'oneza watu wachemshe maji. Wenye mkaa wanachemsha. Maji mengine ya karibu ni ya tangi la Wizara, nalo limefungwa kufuli, ni la maofisa. Dawa ni moja tu: chemchemi ifungwe, tangi lifunguliwe, choo kizibuliwe. Na kwa hayo yote lazima awepo mtu mwenye mhuri.

"Usaili ni kesho kutwa," akasema. "Mwaka huu sina budi kupita."

Sasa sikilizeni namna nchi ile inavyopenda haki. Jopo la Majibuni halikamiliki bila mgeni, ili isisemwe kwamba wanapendeleana. Mgeni huyo huitwa Sikio. Jioni ile ile wakaja watu wenye tai kunitafuta, kwa kuwa nilikuwa mgeni pekee mjini, wakaniomba niwe Sikio. Nilikubali kabla hawajamaliza sentensi. Nilijiambia, hapo nimewapata. Nitamweleza mkubwa wao ana kwa ana.

Mwenyekiti wa jopo aliitwa Mheshimiwa Lukindo. Mzee mpole, mnyenyekevu, ana sauti ya kulaza mtoto. Asubuhi ya usaili alinipokea kwa mikono miwili. Sikungoja chai. Nikamwambia, "Mheshimiwa, shimo la choo chenu limefurika, linaingia kwenye chemchemi ya Bondeni, watu wanakufa kwa..."

Nikalitaja jina la ugonjwa.

Hakukasirika. Aligeuka tu kwa katibu wake, mwanamke kijana mwenye miwani aliyeitwa Tunu, akasema, "Andika: Sikio limekohoa."

"Sijakohoa! Nimesema..."

"Sikio limekohoa tena," akasema Tunu, akaandika.

Mheshimiwa akanishika bega. "Ndugu mgeni, Sikio halina kinywa. Ni sheria ya zamani. Lolote linalotoka kwako tunaliandika kuwa kikohozi, tusije tukakufungia bure. Tunakupenda." Na uso wake, wallahi, ulionyesha kweli ananipenda. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kule nyumbani, asubuhi hiyo hiyo, Bi Mwamtoro alikuwa ameamka na hali. Siku mbili nyuma alikuwa amemfulia mashuka jirani aliyefiwa, maana ndivyo alivyokuwa. Nilimwacha amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, Siwema anamnywesha maji yaliyochemshwa ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Binti alikuwa amekwisha kulivua lile koti la kukodi, kaliweka pembeni.

"Siendi," alisema.

"Utakwenda," mama yake akasema. Sauti ilikuwa imekauka, lakini mdomo ulikuwa ule ule. "Unikalie hapa unishike mkono, halafu? Kesho utamshika nani? Nenda kalete huo mhuri. Bi Kisa yupo, ataninywesha. Vaa koti, mwanangu. Na usiegemee kiti, nasikia hawapendi."

Akavaa. Bi Kisa, jirani yetu, akapokea kijiko.

Mimi nikakaa mezani kama Sikio, nikasikiliza. Wasailiwa waliingia mmoja mmoja, wote koti jeusi, wote tabasamu moja. Mheshimiwa aliwauliza Swali Kuu kwa sauti yake ya upole: "Tuseme, kwa mfano tu, wewe ni ofisa wa afya. Katika kitongoji fulani watu wameanza kuharisha na kutapika, na inadhaniwa maji ya chemchemi yamechafuka. Utafanya nini?"

Kumbe ndiyo siri yenyewe! Walilitunga swali huku dirisha la chumba kile linatazama Bondeni.

"Asante kwa swali zuri," akajibu kijana wa kwanza. "Kwanza nitaunda kamati. Pili nitashirikisha wadau. Tatu nitaandaa warsha ya kujengeana uwezo. Nne nitaandika mpango mkakati."

"Na chemchemi je?" nikafoka.

"Kikohozi," akasema Tunu.

Walikuja wengine na wengine. Wapo waliounda kamati mbili. Msichana mmoja aliunda kamati ya kuchunguza kamati, jopo likatikisa vichwa kwa furaha. Sikuwachukia wale vijana, ijulikane. Walikuwa na njaa ya kazi, wamefundishwa hivyo, na wengine makoti yao yalikuwa yamewapwaya kwa kukonda. Niliwachukia walioketi upande wangu wa meza.

Siwema akaingia. Hakuegemea kiti. Akaulizwa. Akavuta pumzi, akaanza kama alivyofundishwa: "Asante kwa swali zuri. Kwanza nita..." Akakwama. Akaitazama mikono yake. Kwenye kucha zake kulikuwa bado na chembe za sukari.

"Waheshimiwa," akasema, "huu si mfano. Ni Bondeni, ipo hapo dirishani. Choo chenu kinateremka kwenye maji yetu. Ni kipindupindu. Mama yangu amelala mkekani sasa hivi, ngozi ya vidole imekunjamana, na mimi nimekuja hapa kwa sababu yeye amenituma. Sitaunda kamati. Nipeni mhuri nifunge chemchemi leo, nifungue tangi leo. Nawaomba. Nifungieni usaili maisha yangu yote, ila leo nipeni huo mhuri."

Akalia. Si kilio cha kupendeza. Kilikuwa cha makamasi.

Nikajisemea, sasa wamesikia, hata jiwe lingesikia. Nikamtazama Mheshimiwa Lukindo, nikaona machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai.

"Mfano hai!" akasema, akasimama. "Ndugu zangu, mfano hai! Miaka yote niliyokaa kiti hiki sijawahi kumwona mtu anayeingia ndani ya swali kiasi hiki!"

Jopo zima likasimama, likapiga makofi. Tunu alivua miwani kujifuta. "Samahani, dada," akauliza kwa heshima, "machozi hayo ulijifunzia twisheni gani?"

"Mama yangu anakufa!" Siwema akapiga kelele.

"Mnaona?" akasema Mheshimiwa kwa sauti ya chini. "Hatoki nje ya mada."

Wakampa alama zote. Wakamtangaza ofisa pale pale, wakamvutia kiti upande wetu. Akauliza mhuri uko wapi. Mheshimiwa akamweleza kwa upole kwamba mhuri hutolewa ofisa mpya akishamaliza kikao chake cha kwanza cha kusaili, jioni, foleni ikiisha. Bila kikao hakuna mhuri.

"Mwanangu, kimbia nyumbani!" nikamwambia.

"Kikohozi."

Alinitazama. Nilimwona anavyopima moyoni: akikimbia, atamshika mama mkono na chemchemi itabaki wazi, akikaa, jioni ataifunga. Nenda kalete huo mhuri, ndivyo alivyoagizwa. Akavuta kiti, akaketi.

Mchana ule, jamani, sitaki kuuona tena. Jibu lake lilikuwa limekwisha kupenya mlangoni. Bawabu alilisikia, akalisimulia huku jina la ugonjwa akilimeza, na foleni nzima ikalidaka. Msailiwa wa pili tu baada yake aliingia akiwa na makamasi tayari. "Waheshimiwa, huu si mfano," akasema. "Mama yangu amelala mkekani." Aliyefuata naye mama yake alikuwa amelala mkekani. Na aliyefuata. Jopo lilikuwa linafurahi, linasema mwaka huu viwango vimepanda. Siwema aliketi katikati yao, kalamu mkononi, anatakiwa kutoa alama.

Kwa kijana mmoja akashindwa kuvumilia. "Mama yako anaitwa nani?" akamuuliza.

Kijana akatoa macho. "Anaitwa... anaitwa Mama. Samahani, hilo sikuliandaa."

Mheshimiwa akamkanya Siwema kwa upole kwamba maswali ya nje ya mwongozo hayaruhusiwi.

Jua lilipokuwa linashuka wakampa mhuri. Aliunyakua, hakusema asante, akateremka kilima mbio na lile koti la watu, mimi nyuma yake na magoti yangu haya. Tulipokaribia tuliona wanawake wameketi nje kwenye mikeka, na Bi Kisa amejifunika khanga kichwani. Siwema hakuuliza. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka. Macho yalikuwa makavu.

"Nani ana saruji?" akasema.

Tuliifunga chemchemi kabla giza halijaingia. Wanaume walisomba mawe, na mimi nikabeba kwa umri huu, na Siwema akapiga mhuri kwenye ubao: MAJI HAYA YAMEFUNGWA. Kisha akapanda na watu mpaka kwenye tangi la Wizara, akapiga mhuri kwenye kufuli, na bawabu alipouona tu akafungua, kwa kuwa mhuri ni mhuri. Watu wakachota. Ndipo aliporudi nyumbani, akaingia kwa mama yake, tukamsikia akilia.

Tulimzika kesho yake. Mheshimiwa Lukindo alikuja mazikoni, akashika udongo, akalia kwa dhati. Baada ya dua akamwita Siwema pembeni.

"Pole sana, binti yangu. Wizara imeguswa mno. Jambo la Bondeni hatutaliacha hivi hivi."

Moyo wangu ukatulia kidogo. Mjinga mimi.

"Mtazibua choo?" Siwema akauliza.

"Zaidi ya choo! Tunaanzisha cheo kipya kabisa: Ofisa Mkuu wa Chemchemi ya Bondeni. Yeye ndiye atakayeshughulikia choo, maji, kila kitu, na mpaka apatikane mhuri wako haufiki kwenye choo. Tangazo limebandikwa leo asubuhi. Na jibu lako tumeliweka kuwa jibu la mfano, linaitwa Jibu la Bondeni. Jina la mama yako pia limo, maana tumeona wasailiwa wakiulizwa hawalijui."

"Mheshimiwa, chukueni mtu mmoja mwenye ndoo na koleo. Leo."

"Hatuwezi kumchukua mtu bila usaili," akasema, na alishangaa kweli. "Si itakuwa upendeleo?"

Cheo kipya Majibuni kilikuwa hakijatangazwa tangu enzi za babu zao. Wakaja. Wakaja kutoka kila upande wa nchi ile, foleni ikatoka mlangoni mwa Wizara, ikateremka kilima, ikaingia Bondeni, ikapita katikati ya nyumba za watu, mbele ya pale palipokuwa na meza ya maandazi ya Bi Mwamtoro. Choo kile kizuri kikafanya kazi mchana na usiku. Tangi likakauka, maana lilikuwa la maofisa wachache, si la taifa lenye kiu. Na jua lilikuwa kali.

Nilikuwa nafunga mzigo wangu niliposikia mawe yanagongana. Nikatoka. Vijana wa foleni, na makoti yao meusi, walikuwa wanayang'oa mawe ya chemchemi kwa mikono, na ubao wenye mhuri ulikuwa umeegemezwa pembeni kwa adabu, usiharibike. Maji yalikuwa yanatoka. Wanakinga kwa viganja, kwa kofia, kwa bahasha za vyeti.

Siwema alipita mbio kando yangu, akapanda juu ya mawe yaliyobaki, akanyoosha mikono yote miwili.

"Msinywe!" akalia. "Jamani, msinywe! Maji haya yana kinyesi! Maji haya yamemuua mama yangu, Mwamtoro, amelala pale, kaburi lake bado bichi! Nawasihi, msinywe!"

Waliokuwa wameinama wakainuka. Nikaona mikono inaingia mifukoni, na kwa muda mfupi, kwa muda mfupi sana, nikadhani wanatafuta leso. Walitoa kalamu.

Mbele kabisa alisimama msichana mdogo, koti limempita magoti, maji yanamdondoka kidevuni. Alimtazama Siwema kwa heshima kubwa.

"Rudia taratibu, dada," akasema. "Hapo kwenye mama. Tunaandika."

Kisha akainama, akakinga tena.